Safari ya Leipzig Huanzia Ruruma

Mtu wa Singida akitangaza kwamba anajiandaa kwenda Leipzig, maswali ya majirani huwa yaleyale: nauli ni shilingi ngapi, baridi ya huko ataiweza, na atarudi na zawadi gani. Ni wachache watakaomuuliza anakwenda kufuata nini. Hilo ndilo swali lenye historia ndani yake. Mji huo wa mashariki mwa Ujerumani ulituma watu wake Iramba kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na maandishi waliyoyapeleka kwao hayakutupwa. Mtalii wa kawaida huenda Leipzig kwa ajili ya muziki, makanisa na majengo ya kale. Mnyiramba, Mnyaturu au Mnyisanzu anaweza kwenda kwa ajili hiyo pia, lakini yeye ana la ziada: anakwenda kwenye mji ambao babu zake walishaandikwa humo.

Ndiyo maana maandalizi ya safari hii hayaanzii ubalozini. Yanaanzia nyuma, zaidi ya miaka 130 iliyopita.

Boma lilitangulia kanisa

Wajerumani wa kwanza kuweka mizizi katika eneo ambalo leo ni Mkoa wa Singida hawakuja na Biblia. Walifuata njia ya misafara. Njia kuu ya kutoka Bagamoyo kwenda Tabora ilikatiza Ugogo, ikapanda ukingo wa Bonde la Ufa karibu na Kilimatinde, katika wilaya ya sasa ya Manyoni. Aliyeshika Kilimatinde alishika maji, chakula na wapagazi wa njia nzima. Katika miaka ya 1890 jeshi la kikoloni likaweka kituo hapo. Baadaye, mwanzoni mwa karne ya 20, likajengwa boma jingine kaskazini, Mkalama, la kuwasimamia Wanyisanzu, Wanyiramba na majirani zao.

Boma lilikuja na kodi. Kuanzia mwaka 1898 utawala ulidai kodi ya nyumba, iliyohesabiwa kwa rupia. Kwa mfugaji na mkulima wa uwele na mtama, rupia ilikuwa kitu cha kutafutwa: auze ng'ombe, au atoke kwenda kufanya kibarua mbali na kwao. Asiyekuwa nayo alilipa kwa jasho, kwa kubeba mizigo na kutengeneza barabara. Watu wakakamatwa, mifugo ikachukuliwa, na aliyebisha akakutana na askari.

Wapo waliobisha. Jina linalotajwa zaidi Singida leo ni la mwanamke, Liti. Simulizi za Wanyaturu zinamweleza kuwa kiongozi aliyekataa kutawaliwa, na kwamba silaha yake ilikuwa nyuki: askari walipokaribia, aliwaachilia makundi ya nyuki yakawatawanya. Simulizi hizo zinaendelea kusema kwamba alipouawa, kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Uwanja wa mpira wa Singida mjini, ambao wengi waliuzoea kwa jina la Namfua, sasa unaitwa Liti. Kwa hiyo jina lake limetangazwa redioni nchi nzima kwenye mechi za ligi, hata na watu ambao hawajawahi kusikia habari zake.

Mji wa vitabu

Wakati maboma hayo yanajengwa, Leipzig ulikuwa mji wa aina nyingine kabisa. Ulikuwa mji wa maonyesho ya biashara tangu enzi za kati, mji wa chuo kikuu kilichoanzishwa mwaka 1409, na zaidi ya yote mji wa vitabu. Wachapaji na wauza vitabu wa Ujerumani walikuwa na makao yao makubwa hapo. Ukoloni ulihitaji bunduki, lakini ulihitaji pia ramani, kamusi na maelezo ya makabila, na mengi ya hayo yalipitia mikononi mwa watu wa Leipzig.

Mmoja wao ni Hans Meyer, mtoto wa familia ya wachapaji. Tarehe 6 Oktoba 1889 yeye na Ludwig Purtscheller walifika kilele cha Kibo, wakiwa Wazungu wa kwanza kufika hapo. Meyer akakibatiza kilele hicho jina la mfalme wake, Kaiser Wilhelm, na akachukua jiwe kutoka kileleni akampelekea. Mwingine ni Karl Weule, aliyepita kusini mwa nchi yetu mwaka 1906 akikusanya vinyago, zana na sauti za watu. Mwaka uliofuata akawa mkuu wa makumbusho ya makabila ya Leipzig, ambayo leo yamo katika jengo la Grassi.

Singida nayo ilifika kwenye mitambo hiyo ya uchapaji. Ofisa mmoja wa Kijerumani, von Sick, aliyekaa kikazi katika nchi ya Wanyaturu, aliandika maelezo marefu kuhusu maisha yao: nyumba, mifugo, ndoa, tohara, mazishi. Kazi hiyo ilitoka wakati vita vya dunia vimekwisha kuanza, katika jarida la Baessler-Archiv, lililokuwa likichapishwa na nyumba ya Teubner ya Leipzig na Berlin. Mwanajiografia Erich Obst naye alizunguka Usanzu, Turu na nchi ya Wahadzabe kabla tu ya vita, na ripoti zake zikachapishwa Hamburg. Maandishi haya yana thamani kwa sababu yaliandikwa wakati wazee waliozaliwa kabla ya Wajerumani walikuwa bado hai. Yana kasoro kwa sababu hiyohiyo: anayeulizwa alikuwa chini ya anayeuliza. Mtu atamjibu nini ofisa ambaye askari wake wanakusanya kodi?

Wamisionari wafika Iramba

Misioni ya Kilutheri iliyobeba jina la Leipzig haikuzaliwa Leipzig. Ilianzishwa Dresden mwaka 1836, ikahamia Leipzig mwaka 1848 ili vijana wake wasome karibu na chuo kikuu. Kazi yake ya mwanzo ilikuwa India, miongoni mwa Watamil. Afrika Mashariki iliingia mwaka 1893, ikaanzia Machame, mlimani Kilimanjaro.

Miaka ya mwanzo ilionyesha jinsi ilivyokuwa vigumu kutenganisha kanisa na boma. Mwezi Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri, Meru, walipokuwa wanataka kuanzisha kituo. Jibu la jeshi lilikuwa vita vya kisasi vilivyoua Wameru na Waarusha wengi, vikachoma nyumba na kupora ng'ombe. Miaka michache baadaye, tarehe 2 Machi 1900, Mangi Meli wa Moshi alinyongwa pamoja na viongozi wenzake. Mmisionari aliyefika kijijini baada ya hapo aliweza kusema kwa moyo mweupe kwamba yeye ni mtu wa Injili tu, lakini wanakijiji walikuwa na sababu zao za kumtazama mara mbili.

Mwaka 1911 misioni ya Leipzig ikaingia Iramba na kujenga Ruruma. Wakati huo reli ya kati ilikuwa imeshapita Dodoma na inasukumwa kuelekea Tabora, ambako ilifika mwaka 1912. Bara lilikuwa linafunguka, na kila dini ilitaka kuwahi. Walichokileta Ruruma ndicho walichokileta kwingine: shule, dawa, ibada, na kazi ya kujifunza lugha ya wenyeji ili wahubiri kwayo. Walichokikuta ni watu wenye watemi wao, wenye matambiko ya mvua na wenye taratibu zao za ardhi, ambao hawakuwa wakisubiri kufundishwa jinsi ya kuishi. Kilichofuata kilikuwa maelewano ya polepole. Wengine walipeleka watoto shuleni kwa sababu ya kusoma na si kwa sababu ya ubatizo. Wengine walibatizwa na bado wakaenda kwa mtemi mvua ilipokawia.

Muda wa kuelewana ulikuwa mfupi. Miaka 3 tu baada ya Ruruma, vita vikaanza.

Vita, njaa na warithi wapya

Mwaka 1916 majeshi ya Waingereza na washirika wao yaliingia katikati ya nchi, na boma baada ya boma likaanguka. Tabora ilichukuliwa na Wabelgiji mwezi Septemba mwaka huo. Kwa watu wa kawaida, jeshi la kwanza na la pili yalifanana: yote yalichukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo. Mvua zilipokosekana baada ya hapo, ghala zilikuwa tupu. Ugogo, pamoja na sehemu za Manyoni ya leo, ilipigwa na njaa ambayo wazee waliiita Mtunya, na homa kali ya mafua iliyozunguka dunia mwaka 1918 ikawakuta watu wakiwa wameshadhoofika.

Wajerumani walifukuzwa nchini, wamisionari wakiwemo. Walutheri wa Marekani wenye asili ya Uswidi, wa sinodi ya Augustana, wakaja kushika kazi iliyoachwa. Wajerumani waliporuhusiwa kurudi katikati ya miaka ya 1920, walirudi Kilimanjaro. Iramba ikabaki kwa Wamarekani. Ndiyo sababu Mlutheri wa Singida ukimuuliza asili ya kanisa lake, mara nyingi atakutajia Wamarekani, hospitali ya Iambi na ile ya Kiomboi, na chuo cha ualimu cha Kinampanda. Leipzig imefunikwa na tabaka hilo la pili.

Vita Kuu ya Pili ikaigeuza hali kwa namna ya ajabu. Wajerumani wa Kilimanjaro walipokamatwa, waliokwenda kuangalia makanisa yao ni walewale wa Augustana waliorithi Iramba. Mmoja wao alikuwa Elmer Danielson, aliyefanya kazi miaka mingi Iramba. Mke wake, Lillian, alikuwa njiani kumfuata kutoka Marekani pamoja na watoto wao 6, ndani ya meli ya Kimisri iliyoitwa Zamzam. Alfajiri ya tarehe 17 Aprili 1941, kusini mwa Atlantiki, manowari ya Kijerumani Atlantis iliifyatulia mizinga. Abiria waliokolewa majini na Wajerumani haohao, wakahamishiwa kwenye meli ya mizigo na kushushwa Ufaransa iliyokuwa chini ya Hitler. Meli hiyo ya mizigo iliitwa Dresden, jina la mji ilikozaliwa misioni ya Leipzig. Mama huyo na watoto wake walirudi Marekani salama.

Leipzig wenyewe haukusalimika. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Desemba 1943 ndege za Uingereza ziliupiga mabomu. Sehemu kubwa ya katikati ya mji iliungua, na jengo la Grassi likaungua na vitu vingi vilivyokuwa ndani yake. Anayedhani kila kilichochukuliwa Afrika bado kipo kabatini na kinasubiri kurudishwa, ajue kwamba vingine vilikuwa majivu miaka 80 iliyopita.

Upande wa mashariki

Baada ya vita mji ukaangukia Ujerumani Mashariki, na chuo kikuu chake kikaitwa Karl Marx. Wamisionari walikosa njia ya kutoka, lakini Waafrika walipata njia ya kuingia. Taasisi ya Herder ya Leipzig ndiyo iliyowafundisha Kijerumani wanafunzi wa kigeni kabla hawajatawanyika kwenye vyuo vya nchi hiyo, na Watanzania walikuwamo. Kiswahili nacho kilifundishwa na kutafitiwa chuoni hapo, na kinaendelea kufundishwa.

Siasa za Ujerumani mbili zilimsumbua hata Mwalimu Nyerere. Zanzibar baada ya Mapinduzi ya 1964 iliitambua Ujerumani Mashariki. Ujerumani Magharibi ikatishia kuondoa misaada kwa serikali ya muungano. Ilipoondoa ule wa kijeshi, Mwalimu aliwaambia wachukue na uliobaki. Msimamo huo ulikuwa somo kwa nchi nyingi changa: rafiki wa kukuchagulia marafiki hafai.

Miaka 25 baadaye Leipzig ukaandika ukurasa wake mwenyewe. Kila Jumatatu watu walikusanyika kuombea amani katika Kanisa la Mtakatifu Nikolao, Nikolaikirche. Tarehe 9 Oktoba 1989, mbele ya askari waliokuwa tayari kufyatua, watu wapatao 70,000 waliandamana katikati ya mji wakiwa na mishumaa. Askari hawakufyatua. Mwezi mmoja baadaye ukuta wa Berlin ukafunguka.

Deni lililobaki

Ujerumani iliyoungana ilichelewa kuliangalia deni la Afrika Mashariki, lakini sasa limefunguliwa. Katika utafiti wa taasisi ya urithi wa utamaduni ya Prussia, Berlin, mafuvu 1,135 ya watu kutoka Afrika Mashariki yalichunguzwa: 904 yalihusishwa na Rwanda, 202 na Tanzania na 22 na Kenya. Mwaka 2023 taasisi hiyo ilitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimewapata ndugu walio hai wa baadhi ya Wachaga. Mwaka huohuo, tarehe 1 Novemba, Rais Frank-Walter Steinmeier alisimama Songea akaomba radhi kwa mauaji ya vita vya Majimaji.

Kwa Singida habari hizo zina uzito wa pekee, kwa sababu ya Liti. Vipimo vya Wachaga viliwezekana kwa kuwa kulikuwa na familia zilizojulikana, zilizotoa vinasaba vyao na kudai kwa miaka mingi bila kuchoka. Anayemtafuta mtu katika rundo la mafuvu lazima aende na jina, ukoo, mahali na mwaka. Vitu hivyo haviwezi kutoka Berlin.

Sasa mpango wa safari

Hapa ndipo msafiri anapopaswa kuipanga safari yake kinyume na ilivyozoeleka. Kituo cha kwanza ni Ruruma, Mkalama na Kilimatinde. Atembelee mahali penyewe, aongee na wazee, aandike majina ya wazazi wao, ya watemi, ya walimu wa kwanza. Picha za zamani za misioni ya Leipzig zimewekwa kwenye intaneti kupitia University of Southern California. Azichapishe zinazohusu Iramba, aende nazo. Katika picha nyingi za kimisioni Mzungu ana jina na cheo, na Mwafrika aliyesimama pembeni yake ameitwa tu mwanafunzi, mpagazi au mke wa mzee. Bibi mmoja mwenye kumbukumbu nzuri anaweza kujaza pengo ambalo maprofesa wameliacha karne nzima.

Kituo cha pili ni Dar es Salaam. Siku hizi ni barabara kutoka Singida mjini hadi Dodoma, kilomita 240 hivi, kisha treni ya umeme iliyoanza kufika Dodoma mwaka 2024. Hapo Nyaraka za Taifa zina mafaili ya utawala wa Kijerumani yaliyobaki nchini, yanayotambulika kwa herufi G. Ni vibaya kukata tiketi ya maelfu ya kilomita kwenda kusoma kitu kilichopo Upanga. Viza ya Schengen huombwa kupitia ubalozi wa Ujerumani ulioko jijini humo: ada ni euro 90 kwa mtu mzima, bima ya afya isipungue euro 30,000, na maombi yaingizwe si chini ya siku 15 kabla ya safari, ingawa mwenye busara atawahi miezi kadhaa.

Kituo cha tatu kinawashangaza wengi. Hifadhi ya nyaraka za misioni ya Leipzig haiko Leipzig; iko Halle, katika taasisi za Francke, kilomita 35 hivi kwa treni. Mtu aandike barua mapema, aeleze anatafuta nini. Akifunguliwa faili atakutana na kikwazo ambacho Kijerumani chake cha darasani hakitakiondoa: mwandiko. Barua za wakati ule ziliandikwa kwa mwandiko wa kale wenye herufi za ncha kali zilizolaliana, e ikifanana na n, s ikisimama kama nguzo, na Wajerumani vijana wenyewe hawausomi. Inabidi atafute msomaji aliyefunzwa. Majina ya mahali nayo yameandikwa kwa sikio la Mjerumani, kwa hiyo Usanzu atautafuta kwa Issansu.

Baada ya hapo ndipo Leipzig wenyewe. Ajitengee siku ya Thomaskirche, alikofanya kazi Johann Sebastian Bach kuanzia 1723 hadi kifo chake mwaka 1750, na ambako mifupa yake imelazwa. Mkristo aliyelelewa na kitabu cha Mwimbieni Bwana atashangaa tuni ngapi anazijua. Aende Nikolaikirche. Aende Grassi, na akiwa huko asiishie kutazama makabati: aombe kuonana na wahifadhi, aulize ni vitu gani vimeandikwa kutoka Turu, Iramba au Usanzu, nani aliviandikisha na alivipataje. Makumbusho ya Ujerumani siku hizi yanatarajia maswali hayo, na msafiri aliyepita Ruruma kwanza atakuwa na kitu cha kuwajibu wanapomuuliza yeye.

Hapo ndipo faida ya safari ilipo. Leipzig na Halle zina karatasi, picha na namba za kabati. Singida ina majina, koo na mahali. Kila upande ukikaa na chake, picha zitabaki za watu wasio na majina na simulizi zitabaki bila tarehe. Bajeti ya safari hii, kwa hiyo, iwe na fungu la nauli ya kurudi Ruruma pamoja na nakala za kila kilichopatikana, ili wazee waliotoa majina wapate kusoma yaliyoandikwa juu yao na kuyasahihisha.